Wanasesere wa Kauri: Tanuri Linasingiziwa Mengi

Barua tulizopokea kuhusu kutengeneza wanasesere wa kauri kwa mkono zina lalamiko moja: tanuri limeniharibia. Tumezisoma moja moja, na katika nyingi tanuri halina kosa. Limefichua tu kilichofanyika siku tatu nyuma, kwenye kalibu au kwenye ndoo. Kwa hiyo baadhi ya majibu yatamrudisha mwulizaji mbali kuliko alikotarajia.

Ili tusielezee upya kila mara: uji ni kauri ya majimaji inayomwagwa kwenye kalibu ya plasta. Moto mdogo ni ule wa kwanza, nyuzi 700 hivi za Selsiasi, unaoukaza udongo ukawa kama chaki ngumu ili usafishike. Moto mkubwa ni koni namba 6, karibu nyuzi 1,220, unaoigeuza chaki hiyo kuwa kauri (koni ni kipande kidogo cha udongo kinachowekwa tanurini, nacho huinama joto likifika kipimo cha namba yake). Moto wa rangi ni koni namba 018, nyuzi 715 hadi 720, nao hurudiwa mara tatu, nne, hata tano kwa kichwa kimoja. Tunazungumzia biski, yaani kauri isiyopakwa glezi (mpako unaong'aa kama kioo), ambayo uso wake hubaki na ukavu wa ngozi ya mtu.

Nasikia Pugu kuna kaolini nyingi. Je, nichote, nichekeche, nimwage kichwa? Sina mtaji wa kuagiza udongo ng'ambo. (Mchota Udongo, Dar es Salaam)

Kaolini ya Pugu ipo kweli, tena ni nyeupe. Ila kaolini peke yake si kauri. Mchanganyiko wa kale ni sehemu 50 za kaolini, 25 za feldispa na 25 za kwatzi. Kaolini inatoa umbo na weupe, feldispa inayeyuka na kugandisha, kwatzi inashikilia kama mifupa. Ukichoma kaolini tupu kwa nyuzi 1,220 utapata kitu cheupe kinachopendeza kwa macho, lakini ukikigusa kwa ulimi kinanata: bado kina vinyweleo, hakijawa kauri. Kiwanda cha kauri cha Meissen kule Saksonia, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1710 baada ya Johann Friedrich Böttger kupata udongo mweupe pamoja na kitu cha kuuyeyusha. Udongo bila kiyeyushi usingemfikisha popote, na wewe hautakufikisha.

Tena mchanganyiko huo wa 50, 25, 25 unataka joto la karibu nyuzi 1,300, ambalo matanuri mengi madogo ya umeme hayalifikii, au yanalifikia kwa kuunguza nyaya zake mapema. Uji wa wanasesere unaouzwa tayari umeongezewa viyeyushi ili uive kwenye koni 6. Ushauri wetu ni ununue uji tayari kwa vichwa vyako vitano vya kwanza, hata kama ni lita 4 tu. Kichwa kitakachoishia sentimita 8 humwagiwa chini ya nusu lita, na sehemu kubwa hurudi ndooni. Ukishajua kichwa kizuri kinavyotakiwa kutoka, ndipo ucheze na mapishi yako.

Kaolini ya Pugu usiiache hata hivyo. Changanya nusu kwa nusu na unga wa alumina (unga mweupe usioyeyuka kwa joto la tanuri), ongeza maji uwe mzito kama maziwa mtindi, upake rafu za tanuri kwa brashi pana. Kauri inapoiva hulainika na kunata kwenye rafu. Mpako huo ndio utakaokuokolea rafu.

Kalibu yangu ya plasta ina wiki tatu na bado ni ya baridi. Nilipomwaga, kichwa kiligoma kutoka, na kilipotoka shavu lilibaki ndani. (Msomaji wa Tanga)

Haijakauka, na ubaridi huo ndio ushahidi. Plasta yenye maji ukiiweka shavuni inahisi baridi kuliko hewa ya chumba. Kavu haina baridi. Lakini shavu si mizani, na hapa mizani ya jikoni itakufaa kuliko kalenda.

Plasta ya Paris ikichanganywa, sehemu ya maji hufungwa ndani na kuwa jiwe. Yaliyobaki lazima yatoke. Kila kilo 1 ya unga mkavu huishia kuwa karibu kilo 1.2 ya kalibu kavu. Kama ulichanganya kilo 1 ya plasta na gramu 700 za maji, kipimo tunachokipendekeza kwa kalibu za kumwagia, nusu moja kati ya mbili za kalibu yako ilizaliwa na kilo 1.7. Nusu kilo nzima ni maji ya kuondoka. Andika kwa penseli mgongoni mwa kalibu uzito wa plasta uliyotumia, upime kila asubuhi. Uzito ukisimama kwa siku mbili karibu na 1.2, mwaga. Ukisimama kwenye 1.4, basi hewa ya pwani imeshiba na haipokei tena. Hapo tafuta feni. Iinue kalibu juu ya vipande viwili vya mbao ili upepo upite chini, na ufunge nusu zote mbili pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli zisije zikapinda kila moja kivyake. Usiianike juu ya bati la jua la saa saba. Plasta ikipita nyuzi 50 huanza kupoteza hata yale maji iliyoyafunga, kingo zinakuwa unga, na kinachotoweka mwanzo ni mstari mwembamba wa katikati ya midomo.

Kwa kuwa utatengeneza nyingine: mimina unga kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Unyunyize kwa mkono mpaka visiwa vya unga vianze kukaa juu bila kuzama, uache dakika 2 unyonye, kisha koroga kwa mkono ulioufikisha chini ya ndoo, dakika 2 au 3, bila kupiga povu. Kiasi cha kilo 1 kwa gramu 700 kinajaza kisanduku cha lita 1 na kidogo zaidi. Kuta za kalibu ziwe na unene wa sentimita 3 hadi 4 kila upande. Nyembamba hulowa haraka na kukuharibia mmwago wa pili.

Na jambo ambalo hukulitaja: mmwago wa kwanza wa kalibu mpya hutupwa. Unabeba sabuni uliyopaka wakati wa kutengeneza kalibu na vumbi la plasta. Huenda kilichong'oa shavu lako ni huo tu.

Vichwa vyangu vina mistari ya duara kama pete za mti, na puani kuna vitobo. Kimoja kilibonyea uso wakati wa kumwaga uji nje. (Mfinyanzi wa Jioni, Mwanza)

Una matatizo matatu, na mawili yameanzia kwenye ndoo.

Kwanza pima uji. Mililita 100 ziwe na gramu 175 hadi 180. Ukizidi hapo ni mzito, ongeza maji yaliyochujwa kijiko kimoja kimoja. Uzito ukiwa sawa lakini uji unashuka kama ugali laini, hauhitaji maji. Unahitaji sodiamu silikati (kimiminika kinachoulegeza uji bila kuongeza maji), matone machache kwa lita, ukikoroga na kungoja baada ya kila tone. Wengi hukosea hapa: wakiona uji hautiririki wanaongeza maji, na maji ya ziada huja kulipwa kwa nyufa. Silikati ikizidi nayo ni balaa, kwani uji hutengeneza utando juu na kichwa hutoka kikavu, kinavunjika kama biskuti.

Koroga jana yake, si leo. Mwiko wa mbao, polepole, halafu chuja kwa soksi ndefu ya kike iliyofungwa mdomoni mwa ndoo, uache usiku kucha viputo vipande. Asubuhi koroga tena taratibu. Vitobo vya puani ni hewa iliyonaswa: pua ni shimo ndani ya kalibu, na uji ukija kwa kishindo hewa haina pa kutokea. Inamisha kalibu kidogo unapoanza, uji uteleze upande mmoja na kuisukuma hewa juu, kisha isimamishe.

Mistari ya duara hutokea pale ulipositasita. Kila ukikatisha, uji ulioko kwenye ukingo hukaza, unaofuata hupanda juu yake, na alama hubaki. Haitoki kwa msasa, na moto mkubwa huifufua hata ukidhani umeifuta. Mmwago uwe mkondo mmoja usiokatika hadi juu, halafu uongeze kila uji unapozama.

Kichwa kiwe na ukuta wa milimita 3. Kwa kalibu kavu hiyo ni dakika 4 hadi 6. Kata kidogo kwenye mdomo wa kumwagia kwa kisu, unene utauona. Mmwago wa pili wa siku uupe dakika moja au mbili zaidi kwa sababu plasta imelowa. Wa tatu uache hadi kesho.

Sasa ule uso uliobonyea. Ukipindua kalibu ghafla uji hutoka kwa kukoroma, gluk, gluk, na kila mkoromo unavuta hewa kwa nguvu na kuuvuta uso nao. Inamisha taratibu ili hewa ipite juu ya uji unaotoka, mkondo uwe kimya. Ukisikia sauti, umeharakisha.

Jicho moja huwa kubwa kuliko jingine, kila mara. Nakata kwa uangalifu sana. (Dada wa Muscat)

Dada, inaelekea unakata kwa ukubwa unaoutaka mwisho. Usikate jicho, lichimbe kidogo kidogo.

Kazi hii ina hatua mbili. Udongo ukiwa umekaza kama ngozi ya kiatu, saa moja au mbili baada ya kutoa kichwa, toboa katikati ya jicho na ukate shimo dogo, milimita 2 ndani ya mstari wa kope pande zote. Hapo hapo fungua utosi na utoboe matundu ya kamba. Usilainishe kitu. Mshono wa kalibu nao uuache, maana ukiukwangua sasa utazama baada ya moto mkubwa.

Kikaushe kichwa siku mbili au tatu, kipite moto mdogo, kisha kiloweke kwenye beseni la maji. Usafishaji wote ufanyike humo majini: mshono kwa kitambaa cha kukwangulia cha wavu mwembamba, pembe za midomo na matundu ya pua kwa brashi ngumu, masikio kwa kijiti cha mbao. Tunasisitiza maji kwa sababu vumbi la kauri lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Meza ipanguswe kwa tambara lililolowa, isifagiliwe.

Macho sasa. Chukua kifaa chenye kichwa cha mpira kilichopakwa mchanga, kiingize kupitia utosi, ukizungushe nyuma ya jicho kwa ndani. Lengo si kupanua shimo. Unatengeneza bakuli ambamo jicho la kioo litakaa likigusa kope pande zote. Ukingo wa kope unakonda hadi karibu milimita 1, na shimo la nje linapanuka lenyewe kidogo kidogo. Fanya mizunguko kumi jicho la kulia, kumi la kushoto, ukiangalia kwa mbele baada ya kila zamu. Anayemaliza jicho moja ndipo aanze la pili hupata unachokipata wewe. Kigeuze pia kichwa juu chini ukikitazama, au ukishike mbele ya kioo. Jicho la binadamu huzoea uso na kuusamehe, likiugeuziwa linaona makosa.

Ukubwa wa mpira haulingani na wa jicho la kioo, kwa sababu kauri hunywea. Uji mwingi wa wanasesere hunywea asilimia 12 hadi 16 kutoka kalibu hadi moto mkubwa. Soma wa kwako. Kwa asilimia 14, jicho la milimita 14 linahitaji bakuli la milimita 16 na kidogo (14 gawanya kwa 0.86). Ukitumia mpira wa 14, jicho halitaingia, nawe utaanza kukwangua kauri iliyokwisha kuiva, kazi ya kulia machozi.

Umeme ulikatika tanuri likiwa nyuzi 1,050 kwenye moto mkubwa. Je, vichwa vimekwisha? Na kwa nini utosi wa kimoja umekuwa yai? (Fundi wa Kasarani, Nairobi)

Havijakwisha. Usifungue mfuniko. Liache tanuri lipoe lenyewe hadi chini ya nyuzi 100, weka koni mpya ya kushuhudia, uanze upya toka mwanzo hadi koni 6. Usijaribu kuendelea kwa kukisia pale lilipoishia. Koni hupima joto pamoja na muda, kwa hiyo kichwa kilichopanda kwa saa 6 na kilichopanda kwa saa 9 hakiivi sawa hata sindano ikisoma namba moja. Umeme ukikatika karibu kabisa na kilele, itazame koni baada ya kupoa. Ikiwa imeinama nusu, choma tena na ukae chonjo. Ikiwa imelala, kazi imeisha. Kwenye moto wa rangi hakuna hata cha kuhofia, rudia tu.

Kwa tanuri dogo la kilowati 2.4 kwenye volti 240 unavuta ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo. Plagi ya ampea 13 inabeba, ila iwe peke yake ukutani. Waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye rola yake huchemka na kuyeyuka.

Utosi wa yai ni hadithi nyingine. Udongo una kumbukumbu. Ulipotoa kichwa kwenye kalibu kikiwa bado laini, vidole vyako vilikibana. Ukaona, ukakinyoosha kikawa duara, ukaridhika. Moto mkubwa ukakilainisha, kikakumbuka ulivyokibana. Ukigundua kichwa kimebanwa, dawa ni kukirudisha ndooni, hata kama uso umetoka mzuri. Sababu nyingine ni kichwa kuegemea, ukuta mnene upande mmoja, au kukipitisha koni moja zaidi. Kikalishe wima juu ya kitanda chembamba cha unga wa alumina, kisiguse ukuta wala jirani. Vichwa viwili vikigusana kwenye nyuzi 1,220 vitatoka vikiwa pacha walioungana.

Nataka mwanasesere mwenye rangi yangu. Nipake kahawia juu ya kauri nyeupe, au kuna uji wa kahawia? (Msomaji wa Mombasa)

Uji wa kahawia upo, nasi tunaupendelea mara kumi. Rangi iliyo ndani ya udongo haichubuki, na ukingo wa kope ukikonda hauonyeshi weupe chini yake. Rangi ya juu huhitaji tabaka tatu au nne, na kila tabaka ni nafasi nyingine ya madoa.

Viwanda vya Thuringia, Ujerumani, vilifanya kwa njia zote mbili tangu karne ya 19. Vingi vilichukua kalibu ile ile ya kichwa cheupe na kubadili rangi tu, na ndiyo maana wanasesere hao wana pua na midomo isiyoendana na ngozi. Kalibu namba 1358 ya Simon & Halbig wa Gräfenhain ni kati ya chache zilizochongwa mahususi zikiwa na sura ya Kiafrika. Ukiwa unachonga mwenyewe, umewazidi wengi wao kabla hujaanza.

Tenga kalibu, soksi ya kuchujia, beseni na sifongo kwa ajili ya uji wa kahawia peke yake. Uji huo hutia plasta doa, na kichwa cheupe kitakachofuata kitatoka na mawingu. Vaa glavu nyembamba za mpira. Usikihukumu kichwa kibichi: kahawia mbichi inaweza kuonekana ya kijivu au ya waridi, na rangi yake ya kweli huja kwenye koni 6. Choma kipande cha majaribio, chenye ukubwa wa kidole gumba, kabla ya kumwaga kichwa.

Kosa kubwa liko mashavuni. Waridi ya mashavu inayopendeza kwenye kauri nyeupe hugeuka majivu kwenye kahawia, utadhani mtoto kaanguka kwenye unga. Tumia nyekundu ya matofali au ya kutu, nyembamba, na midomo iwe ya kahawia nyekundu iliyo nzito zaidi kwenye mstari wa katikati. Nyusi ziwe za kahawia nzito kabisa. Nyeusi tupu hukaa juu ya uso kama wanja uliopakwa gizani.

Midomo imebanduka kama magamba. Kope zangu zinafanana na miguu ya nge. (Barua mbili, Arusha na Kampala)

Magamba: rangi nene. Rangi hizi ni unga wa madini unaosagwa na mafuta juu ya kigae, kwa kisu chembamba cha kupakia, mpaka uwe kama dawa ya meno na usisikike mchanga. Mdomo upakwe mara mbili kwa mioto miwili badala ya mara moja nene. Mafuta yakizidi huleta malengelenge; rangi inayokwanguka kwa ukucha baada ya kuchomwa haikufika joto lake. Mfuniko uache wazi kidole kimoja hadi tanuri lifike nyuzi 400 hivi, moshi wa mafuta utoke, halafu ufunge.

Kabla ya yote hayo, sugua kauri iliyoiva kwa kitambaa laini cha mchanga ndani ya maji, uioshe, na usiiguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Ukiruka hatua hii rangi itanasa kwenye vinundu na kuacha vidoa vya kahawia shavuni ambavyo utaviona baada ya moto tu.

Shavu: filamu nyembamba ya mafuta, tone la rangi, kisha kidonge cha pamba kilichofungwa kwa hariri ukikigonga-gonga, usikiburute. Likiwa hafifu mno unapolitazama, limetosha. Moto wa pili utaongeza. Likishachomwa kali, halipunguki.

Kuhusu kope, tatizo ni kwamba unazichora kutoka nje kuingia jichoni. Weka ncha ya brashi kwenye ukingo wa jicho, ibonyeze kidogo, ivute kuelekea nje huku ukiinua, ncha iishe yenyewe hewani. Zote zilale upande mmoja, kuelekea pembe ya nje. Kwa mtindo wa Kijerumani ni fupi na za karibu karibu. Kabla ya moto kope mbaya hufutwa kwa pamba yenye spiriti, kwa hiyo futa bila huruma, hata mara ishirini. Ila usiichonge ncha ya brashi kwa mdomo: baadhi ya rangi hizi zina madini ya sumu, risasi au kadimiamu. Chai nayo isikae kwenye meza hiyo.

Nimerithi kichwa chenye maandishi Armand Marseille, Germany, 390. Naweza kukitolea kalibu? Macho yamelegea pia. (Msomaji aliyeko Hamburg)

Armand Marseille alikuwa na kiwanda Köppelsdorf, jirani na Sonneberg, na kalibu namba 390 ni moja ya zilizomwagwa kwa wingi kabisa. Neno "Germany" ni kidokezo cha umri: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na kuanzia 1891 viwanda vingi vikaanza kuliandika. Hicho ni cha baada ya hapo.

Kukitolea kalibu kunawezekana, ila utavunjika moyo. Kama kina urefu wa sentimita 10, kichwa chako kipya kitakuwa 8.6 kwa uji unaonywea asilimia 14, na nakala ya nakala ni 7.4. Ili upate 10 tena ni lazima uchonge kichwa kipya cha sentimita 11.6 kwa udongo wa kuchongea, ndicho ukitolee kalibu. Tena sabuni na plasta huingia kwenye matundu ya pua na ufa usiouona, na wakati wa kuvuta ufa huo hujitokeza. Chonga kwa kukitazama. Kichwa chako kipya kiandike nyuma ya shingo, kikiwa bado kibichi, herufi zako na mwaka, na hiyo 390 usiichore. Mtu mwingine akikiuza baada ya miaka hamsini, mnunuzi asidanganyike.

Macho yaliyolegea ni kazi ya saa moja. Tia maji ya vuguvugu kwa brashi kwenye plasta ya zamani nyuma ya macho, ngoja ilainike, uitoe vipande vipande kwa kijiti. Usiichokoe kwa chuma, kope ni nyembamba kama ganda la yai. Macho ya kioo ya wakati huo mengi yalipulizwa Lauscha, huko huko Thuringia, nayo ni matupu ndani, kwa hiyo usiyabane. Zungushia ukingo wa jicho nta laini kama uzi, libonyeze mahali pake kwa ndani, hakikisha kwa mbele kwamba yote mawili yanakutazama wewe, kisha shika kwa plasta mpya kidogo, pande mbili tu. Aliyejaza kisogo chote plasta ndiye aliyekuletea tabu leo.

Binti yangu wa miaka minne anataka kumchezea huyu wa kauri. Nimpe? (Mama wa Morogoro)

Hapana, mama. Kauri ya milimita 2.6 (ule ukuta wa milimita 3 ukishanywea) ikianguka kwenye sakafu ya saruji hutoa vigae vyenye makali ya wembe, na rangi za uso si za kuwekwa mdomoni. Mshonee wa kitambaa.